Mkilua wa Husuni ya Sib

Kaka yangu atanitia wazimu. Tangu alipoamua kuitengeneza husuni ya babu zetu kule Sib ya Omani, ngome ndogo ya udongo na bustani yake iliyozungushiwa ukuta, hatuna tena Ijumaa ya raha. Zamani tukenda kula tu. Siku hizi, ukishuka garini tu, unaburutwa ukautazame ukuta.

Ukuta mzuri, sikatai. Kaukandika upya kwa udongo na majani makavu, kama ulivyokuwa. Kinachonichosha ni hilo neno lake, asili. Mipapai ikakatwa na miasumini ikang'olewa, kwa kuwa bustani ya husuni, anasema, ni mitende, mindimu na mikomamanga, basi. Nikamuuliza hizo ndimu nazo zilikuja na nani, akajifanya hasikii.

Ijumaa ile ikafika zamu ya mkilua wa mama. Pale hana mti mwengine anaoujali. Huchuma kilua chake, ua linukialo, akakifunga na rehani kikuba, akakibana kifuani, akipita tu unajua kapita. Kaka keshamleta fundi na sururu. Na mjadala wenyewe tukaufanya kwa Kiswahili, tumekaa mkekani, chai ya tangawizi mkononi na mandazi ya hiliki mdomoni: kwamba mti wa Unguja hauna mahala katika bustani ya Kiomani. Shangazi na wajomba wanaitikia kwa vichwa, na wote lafudhi zao za Unguja tupu. Hakuna hata aliyetabasamu. Mimi nshafura.

"Kaka, wewe umezaliwa wapi?"

"Usinianze," akanambia. Kisha akamgeukia mama kwa sauti ya kubembeleza. "Mama, ntakununulia mwengine, tuuweke kwangu Hail, kwenye pipa zuri."

Mama alikuwa anamenya chungwa. Akamaliza kulimenya, akafuta vidole.

"Siku nliyoingia mlango ule," akasema, "mkono huu nimekubeba wewe, na huu nimeubeba mche, umefungwa kitambaa kimaji. Watu wa baba yako wakatutazama, wakasema hawa hawatakaa. Nikauchimbia pale pale ili waone. Sasa mwanangu, ukishaung'oa, nambie na mimi n'ende wapi."

Shangazi alikuwa na andazi karibu na mdomo, akalirudisha sahanini.

Kaka akatoka, akamwambia fundi aende zake, leo hakuna kazi. Mti upo mpaka hii leo, na yeye anajisifu kwa watu kwamba kamstahi mama yake. Mimi sijamsamehe. Alirudi mkekani, akajimiminia chai, akaanza kuzungumzia mlango mpya wa mbao. Mama kamuuliza swali mbele yetu sote, na kumwambia tu "hapa ni kwako" kulimshinda.