Ngoma ya Mariyama

Laïla, mshonaji wa mtaa wa Tsaramandroso, alihamishia kanda za video za harusi za kisiwa cha Nosy Be kwenye kompyuta kuukuu ili runinga ya sebuleni izivute kwa waifai. Mama yake, Echa, alitamani jambo moja tu: kumwona tena marehemu dada yake, Mariyama, akicheza.

Ngoma ya wanawake haitazamwi na wanaume, lakini Laïla alisahau kuitenga na video nyingine. Ijumaa, mumewe Madi na wageni wake walikuwa wakila wali huku wakitazama bwana harusi akiingia, mara akafuata Mariyama, akiyumba taratibu kama aliye ndotoni.

“Laïla, zima! Tumefumba macho!” Madi alipaza sauti.

“Fumbeni hivyohivyo, wanangu,” alisema Echa, akaketi mbele ya runinga. “Dada yangu hajamaliza.”

Wakafumba, wali ukapoa, Mariyama akacheza mpaka mwisho.