Jina Lililoingia Asubuhi

Programu niliyoiandika ilikuwa na kazi moja tu: kuhakikisha hakuna gari linalotoka kiwandani bila idhini ya meneja. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na minne, nimetoka kusoma kompyuta Dar es Salaam, na kichwa kimenivimba. Kiwanda kilikuwa cha kuchambua pamba, mbali kidogo na mji wa Bariadi, mali ya tajiri mmoja aliyekuja baada ya watu binafsi kuruhusiwa kununua pamba. Aliyeniingiza pale ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, fundi wa mashine za kuchambulia. Siku niliyofika alinipokea stendi, akafunga sanduku langu kwenye baiskeli, akanitania njia nzima kwamba uzito ule si wa nguo, lazima nimemficha mchumba humo ndani.

Kabla yangu vibali vya geti viliandikwa kwa mkono. Msimu mmoja gari lilitoka na mtu amelazwa nyuma, kafunikwa blanketi, anaugulia. Mlinzi alionyeshwa kibali, akafungua. Chini ya yule mgonjwa kulikuwa na marobota ya pamba, na saini kwenye kibali ilikuwa ya kughushi. Waliopanga wizi hawakuonekana tena. Aliyefungwa ni mlinzi. Tajiri akaagiza kwamba kuanzia hapo kibali kitatoka kwenye kompyuta tu, kwa idhini ya meneja tu, aliyebebwa awe mgonjwa au awe maiti.

Tulikuwa na kompyuta moja kubwa yenye mfumo wa Unix, na skrini tatu za ofisini zimeunganishwa nayo. Mfumo ule unamtambua mtu kwa majina mawili. Lipo jina lililoingia kwenye skrini mwanzoni, na lipo jina analolitumia sasa hivi, maana kuna amri fupi inayomwezesha mtu kuhamia kwenye jina la mwingine, mradi anajua neno lake la siri, bila kufunga la kwake. Programu yangu ingeweza kuuliza lolote kati ya hayo. Nikachagua lile la mwanzo, ili asitokee mtu wa kujigeuza meneja katikati ya siku. Jina la meneja nililikaza ndani ya programu yenyewe, si kwenye faili ambalo mtu angelichezea. Hata mimi, niliyekuwa na mamlaka yote ya ile mashine, nilipojaribu nilikataliwa, nikacheka kwa furaha. Ujinga mtupu.

Sikumuuliza mtu yeyote pale wanafanyaje kazi zao. Ningemuuliza karani mkuu, mzee wa Lalago aliyetumikia chama cha ushirika tangu ujana wake mpaka chama kikafa. Kule walimfundisha kwamba karani hafungi daftari lake kabla ya mzani wa mwisho wa siku, na kompyuta nayo aliichukulia hivyohivyo. Akishaingia asubuhi kwa jina lake, halifungi mpaka jioni. Meneja akisafiri alimkabidhi neno la siri waziwazi, mbele ya watu, kama alivyomkabidhi funguo za stoo. Mzee alihamia jina la meneja, akafanya la meneja, akarudi kwenye lake. Hapakuwa na wizi wowote.

Programu ilikuwa na wiki moja tu tangu ianze kazi meneja alipofiwa na mama mkwe huko Ipililo. Akamkabidhi mzee, akaenda. Enzi hizo simu ya mkononi kwetu ilikuwa hadithi.

Kesho yake asubuhi mashine moja iliziba. Shemeji aliizima, akaingiza mkono kutoa pamba, na misumeno inayozunguka humo ndani ilikuwa bado haijasimama. Ilimchana mpaka juu ya kiwiko. Wakamkaza kwa khanga ya mama mmoja mfagiaji, wakamlaza nyuma ya pikapu. Dereva akaenda mpaka getini, na mlinzi mpya akaukumbatia mnyororo.

"Nileteeni karatasi," alisema, huku analia. "Mwenzangu alifungwa kwa sababu ya mgonjwa. Nina watoto mimi. Karatasi tu, jamani."

Nilimkuta mzee ameinamia skrini. Maneno yangu mwenyewe yalikuwa yamejipanga mbele yake, mstari baada ya mstari: HUNA IDHINI. HUNA IDHINI. HUNA IDHINI.

"Mayu, mama yangu, inanikataa," aliniambia. "Nimeandika vizuri kabisa."

Kitu cha kwanza nilichofanya, Mungu anisamehe, ni kumgombeza. Nilimuuliza neno la siri la meneja linafanya nini mikononi mwake. Mzee aliyemzidi umri hata baba yangu alisimama akajieleza kama mwanafunzi, na wakati anajieleza shemeji yangu alikuwa anavuja damu. Ndipo nikakimbilia skrini yangu kuibadilisha programu. Nikaruka alama moja, kompyuta ikakataa kuijenga upya programu. Nikasahihisha, nikakosea pengine. Zilipita dakika ngapi sijui, wala sitaki kuambiwa.

Kibali kilipotoka, wenzake walikuwa wamechoka kusubiri. Walimpitisha kwenye mlango mdogo wa geti, wamempakia kwenye baiskeli, mmoja akisukuma na mwingine akimshika mgongo. Pikapu iliwakuta njiani wamesimama. Alikuwa ameshakata roho.

Siku ya tatu ya msiba, nimekaa na akina mama mkekani, ndipo akili ilinirudia. Hapakuwa na haja ya kubadilisha chochote. Mzee angefunga jina lake tu, akaingia upya kwa jina la meneja, na kibali kingetoka palepale. Ningeweza kumwambia kwa maneno machache kuliko niliyotumia kumgombeza. Na mwizi mwenye neno la siri angepita hivyohivyo bila shida, kwa hiyo ujanja wangu haukuwa umemzuia mtu yeyote ila mtu mwaminifu.

Mzee alikuja kuhani siku hiyohiyo. Aliponiona nimetoka uani alinifuata.

"Ng'wanawane, mwanangu, niambie ukweli. Nilibonyeza wapi vibaya?"

"Sijui, mzee," nikasema.

Dada yangu alikuwa nyuma yetu na ndoo ya maji. Alilisikia lile swali, na kwake likatosha. Tangu siku ile akashika kwamba mume wake aliuawa na mzee asiyejua kompyuta. Sikumsahihisha. Wiki iliyofuata niliandika programu upya, ikauliza jina linalostahili kuulizwa, lile mtu analolitumia wakati huo, na meneja akanisifu mbele ya ofisi nzima.

Mzee aliacha kazi msimu uleule, akarudi Lalago. Walipokutana gulioni dada alimgeuzia mgongo, na yeye aliinamisha kichwa akapita. Alipofariki, dada alikataa kwenda kuzika. Mimi nilikwenda. Mjane wake alinishika mikono yote miwili, akaniambia mzee alinitaja mara nyingi, kwamba siku ile mimi peke yangu ndiye niliyehangaika kumwokoa shemeji yangu. Kisha akanipakulia wali, nikapokea sahani, nikala.