Kalekye na Bomba Lake la Grisi

Mafundi wa pale Kyumbi walikuwa wakisema kwamba ni rahisi Kalekye akuazime mtoto kuliko akuazime bomba lake la grisi. Walisema kwa kumcheka, naye hakuwakatalia. Kila jioni gereji ilipofungwa alilipangusa bomba lile, akaivuta fimbo ya nyuma na kuifunga ili springi isiendelee kuisukuma grisi bure, kisha akalilaza ubavu kwenye rafu ya mbao iliyokuwa kivulini na kulifunika kwa gunia. Alililaza. Hakulisimamisha kona wala hakulitundika, na ukimuuliza kwa nini alikujibu mara moja tu. Ukiuliza tena alikuona mjinga na hakukuficha.

Kazi yenyewe hakupewa, aliitwaa. Musembi mumewe ndiye aliyekuwa mpiga grisi wa gereji ile, mpaka asubuhi moja alipodandia lori la Mombasa akasema atarudi Ijumaa. Ijumaa hiyo haijafika hadi leo. Kalekye akashuka kutoka kijijini Kola kuja kumuulizia, na Ndolo, mwenye gereji, akamwambia kwamba hata yeye hajui alikoishia. Wanawake wengine wangelia, na haki yao. Kalekye akaomba kazi ya mumewe. Ndolo akacheka mpaka akakohoa, akamrudisha nyumbani, na kesho yake akamkuta langoni. Kesho kutwa pia. Mwishowe likaja lori lililojaa matope ambalo hakuna mwanamume aliyetaka kuingia chini yake, Kalekye akafunga lesso kiunoni akateremka kwenye shimo la kutengenezea magari. Tangu siku hiyo shimo likawa lake.

Kabla ya ndoa alikuwa akiuza maharagwe sokoni Kangundo, na huko ndiko alikojifunza kwamba gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, yaweza kujaa machoni na tumboni ikawa na nafasi. Muuzaji mjanja huijaza taratibu asiitikise. Mnunuzi mjanja huitikisa mwenyewe. Bomba la grisi, kwa Kalekye, lilikuwa gorogoro tu yenye mpini. Alilijaza kwa kijiti bapa cha mbao, kidogo kidogo, akiikandamiza grisi ukutani mwa silinda, na kila baada ya muda aligongesha kitako cha silinda juu ya kipande cha tairi kuukuu ili grisi ishuke na hewa ipande. Halafu alirudisha kichwa cha bomba lakini hakukikaza. Aliiachia fimbo, akaisukuma, akasubiri. Hewa ilitoka ikifoka penye meno ya kukazia kichwa, ikafuatwa na grisi yenyewe, ndipo alipokaza. Hata hapo hakuliamini. Alipiga mpini kwanza nje, juu ya gazeti, akiangalia. Likitema-tema lilikuwa bado lina upepo, na likitoa uzi mmoja usiokatika alishuka nalo shimoni.

Sasa Kilonzo. Kilonzo alikuwa fundi mkubwa wa injini, na simnyimi sifa yake; lori lililoshindikana Machakos mjini lilikuja kufa au kupona mikononi mwake. Lakini grisi aliiona kama kazi ya kuosha vyombo. Alichota kwa vidole kwenye mkebe, akajaza bomba la gereji mafumba mafumba kama mtu anayemlisha mtoto kwa hasira, akafunga. Na kwa kuwa asubuhi za Julai huku kwetu ni za baridi na ukungu, na grisi huwa ngumu, alibuni ujanja wake: alilitundika bomba kwenye msumari, katika ukuta wa mabati upande wa jua. Likapata moto, mpini ukawa laini, wenzake wakamsifu. Hawakuangalia chini, pale mafuta yalipokuwa yakidondoka tone kwa tone kutoka mdomoni mwa bomba. Grisi iliyoachwa na mafuta yake hubaki kama uji uliokauka sufuriani, imepasukapasuka, na kila ufa una hewa.

Kalekye alimwambia hivyo waziwazi. Kilonzo akamuuliza tangu lini amekuwa fundi. Kalekye hakubishana. Alienda zake, akadunduliza, akarudi siku moja na bomba jipya chini ya kwapa, akatangaza kwamba atakayeligusa watajuana. Hapo ndipo ule utani wa kuazima mtoto ulipoanza.

Mwaka uliofuata mvua kubwa za El Nino, barabara zikiwa bado ni mashimo matupu, Kalekye aliomba ruhusa mwezi wa Julai akaenda Kola kuvuna mbaazi zake. Akaliacha bomba limelala rafuni. Mpini wa lile la gereji ulikuwa umevunjika, na Mahad akaingia na lori lake.

Mahad alikuwa mfanyabiashara wa mifugo aliyekaa Machakos mjini, Msomali mpole wa maneno machache. Lori lake lilikuwa linatoka upande wa Emali limejaa mbuzi, na ile krosi ya propela, kile kiungo kinachopeleka nguvu za injini nyuma, ilikuwa inalia tangu njiani. Lilihitaji grisi tu, likaendelee. Kilonzo akalichukua bomba la Kalekye. Akalijaza kwa vidole vyake, akalitundika juani wakati dereva akinywa chai, kisha akashuka shimoni akapiga mpini. Ko, ko, ko. Madereva wote wa barabara ile waliamini masikio yao. Ukisikia mpini umegonga, basi gari limekula. Mpini ulikuwa mwepesi ajabu, na Kilonzo akalishukuru jua. Hakujua kwamba mpini huwa mwepesi hivyo unaposukuma upepo.

Lori halikufika Athi River. Krosi ilikatika mteremkoni, propela ikaanguka ikachimba lami, lori likayumba likasimama kwa rehema za Mungu. Dereva hakuumia. Mbuzi mmoja alivunjika mguu. Wakalivuta mpaka Kyumbi, na Kalekye aliposhuka kutoka kwenye gari na gunia lake la mbaazi, alilikuta limeegeshwa pale, limezungukwa na watu, na bomba lake linaning'inia msumarini.

Mahad alikuwa ameuliza swali moja tu, nani alipaka grisi. Kilonzo akajibu kwamba yeye alipiga mpini, hilo hakatai, lakini bomba lilikuwa la Kalekye na alilikuta limejazwa na Kalekye mwenyewe kabla hajaenda Kola. Kama ndani yake mlikuwa na hewa, basi ilikuwa hewa ya Kalekye. Uongo ule ulikuwa mzuri, umenyooka. Mafundi wawili walimwona akichota kwa vidole na wakanyamaza, maana Kilonzo ndiye aliyekuwa mkono wa kulia wa gereji, na Kalekye alikuwa nani? Mke wa mtu aliyepotea. Kalekye alisema hapana, hakuliacha likiwa hivyo. Lakini silinda haina ulimi, na aliyelijaza kwanza na aliyelijaza mwisho grisi yao ni rangi moja.

Ndolo alikuwa mjini siku ya tukio na hakutaka kujua mengi. Alitaka amani. Gereji yake ilikuwa na desturi ya zamani ambayo ilikwishaokoa kazi za wengi: fundi akiharibu gari la mtu, huchinjwa mbuzi, watu hukaa chini, na mwenye kosa hunywa bakuli la kwanza la supu mbele ya mwenye gari. Akishakunywa, yameisha, na ni mwiko kulitaja tena. Mbuzi mara hii alikuwepo tayari, yule wa mguu uliovunjika. Mahad mwenyewe alimchinja kwa dini yake ili wote wale, na akasema hadai kingine chochote ila lori lake litengenezwe. Sufuria ikawekwa motoni kando ya shimo, mchana peupe, na watu wakaketi juu ya tairi.

Hebu fikiria jinsi walivyomrahisishia. Hakuna wa kumfukuza, hakuna wa kumtukana. Bakuli moja tu. Lakini Kalekye alijua jinsi habari zinavyosafiri na malori. Angelinywa, kuanzia Emali hadi Athi River angeitwa yule mama wa grisi aliyeangusha lori la Mahad, na hakuna dereva ambaye angemruhusu tena kuingia chini ya gari lake. Na asipokunywa? Ndolo alikuwa ameshamwambia pembeni, kwa huruma kabisa, kwamba mtu anayekataa supu ya watu hawezi kuendelea kufanya kazi na watu hao. Wengi wape, walisema wahenga. Kalekye aliwatazama wale wengi mmoja mmoja, na moyo wake ukawaka. Hakuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa na hasira, tena hasira ya mtu anayejua alichokifanya na asichokifanya.

Ndolo akachota, akamletea bakuli kwa mikono miwili.

"Mama Mutua, kunywa tu," akamwambia, akimwita kwa jina la mwanawe. "Ni supu. Kesho hakuna mtu atakumbuka."

"Mimi nitakumbuka," akasema Kalekye.

Alilipokea bakuli, na watu wakapumua, wakidhani amekubali. Akainuka nalo. Akazunguka sufuria, akapita mbele ya Mahad, akaenda kusimama mbele ya Kilonzo, akamwekea bakuli mikononi kabla hajajua la kufanya.

"Hii ni yako," akamwambia. "Mimi niliacha bomba imelala, nikaipata imenyongwa. Kama si wewe uliijaza, pea mwenye aliijaza. Ako hapa hapa. Mpelekee."

Kilonzo alicheka kidogo. Akamgeukia fundi wa kulia kwake, akamnyooshea bakuli kama mzaha, na yule fundi akaingiza mikono yake katikati ya magoti. Akamgeukia wa kushoto. Wa kushoto alikuwa anaangalia kiatu chake. Waliweza kunyamaza Kilonzo alipodanganya, maana kunyamaza ni rahisi, lakini kulipokea lile bakuli lilikuwa jambo lingine. Hakuna aliyekuwa tayari kunywa kosa ambalo aliliona kwa macho yake likifanywa na mwingine. Kilonzo akamtazama Ndolo. Ndolo alikunja mikono kifuani. Mahad alikuwa akizipapasa ndevu zake na kumwangalia Kilonzo tu.

Mvuke uliendelea kupanda kutoka kwenye bakuli. Lilikuwa la moto na hakuwa na mahali pa kuliweka. Kilonzo akainamisha kichwa akanywa.

Ndolo hakungoja hata limalizike. Akasimama, akapiga makofi, akasema basi, yameisha, kila mtu achukue nyama yake. Akamgeukia Mahad na kumhakikishia kwamba krosi mpya itafungwa siku hiyo hiyo na Kalekye ataipiga grisi kwa mkono wake.

"Hayajaisha," akasema Kalekye. "Atapiga Kilonzo. Mimi nitakaa nikiangalia."

Palikuwa na minong'ono. Mmoja akasema desturi hairuhusu, mtu akishanywa hasumbuliwi tena. Kalekye akamjibu kwamba desturi inakataza kulitaja kosa, naye hatalitaja. Anataja grisi. Ndolo akamtazama Mahad, na Mahad akasema lori ni lake, na yeye anataka ifanywe vile mama amesema.

Basi watu wakala nyama, na Kilonzo akaketi chini na mkebe wa grisi mbele yake na silinda tupu mapajani. Kalekye aliketi juu ya tairi akimtazama, kijiti cha mbao amekishika yeye, akampa. Kilonzo akajaza haraka haraka, akakaza, akapiga mpini juu ya gazeti, nalo likatema. Kalekye akamwambia atoe yote, aanze upya. Akajaza tena, sasa anagonga kitako kwenye tairi kama alivyowahi kumwona akifanya, lakini alikaza kichwa kabla hewa haijatoka, likatema. Aanze upya. Wenzake walimaliza kula, wakaondoka mmoja mmoja kwenda kazini, mafuta ya supu yakaganda juu ya sufuria, na Kilonzo alikuwa na grisi mpaka viwikoni. Hatimaye uzi ukatoka, mmoja, mrefu, haukukatika. Akaupitisha macho mpaka mwisho wake, akamuuliza Kalekye kwa sauti ya chini kama sasa ametosheka.

Kalekye akamwambia hapana, aanze upya.