Bilauri za Mama na Wageni wa Kasulo

Mama yangu alikuwa na bilauri sita alizorithi kwa bibi yake, aliyekuja nazo Biharamulo kutoka pwani akiwa bibi harusi, kazifunga ndani ya nguo zake zisivunjike. Zilikuwa na ukingo wa dhahabu na maua ya waridi yaliyochorwa kwa mkono. Maji hayakutiwa humo hata siku moja. Zilitoka kabatini siku ya Idd, siku mtoto anapopewa jina, na siku ya posa. Kuziosha aliziosha mwenyewe, na sisi tuliambiwa hata kupita karibu tupite taratibu.

Siku ya posa yangu zilitoka. Kijana alikuwa Mhangaza wa Kasulo, mwalimu mwenzangu, na alikuwa tayari kusilimu. Wazee wake watatu walifika saa nne asubuhi, makoti yamejaa vumbi la safari. Mjomba, aliyetakiwa kusimama badala ya marehemu baba, aliharibikiwa na gari Nyakanazi, kwa hiyo Mama aliwapokea peke yake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, maana kwetu anayeposwa hajitokezi sebuleni siku hiyo.

Mama aliwawekea bilauri mbele yao, amezijaza sharubati ya pasheni yenye hiliki. Akajimiminia na yeye, akaiacha mezani.

"Karibuni mnywe, wazee wangu."

"Asante, mama. Tunakungoja wewe," akajibu mkubwa wao.

Mama akadhani anaambiwa akae. Akakaa, akakunja mikono.

Nilijua. Nilikuwa nimefundisha Kasulo miaka miwili, nikila na kunywa majumbani mwao. Kule mwenyeji huonja kwanza mbele ya wageni, iwe pombe ya ndizi au togwa, ili wajue kinywaji ni salama. Mama naye alilelewa kwamba mwenyeji anayetangulia kunywa ni mlafi. Basi wakakaa wote wanne, adabu tupu, na hakuna aliyegusa kitu. Ilitosha nimwite Mama nyuma ya pazia nimnong'oneze. Lakini niliogopa kuambiwa nina haraka ya kuolewa, nikanyamaza.

Wazee waliongea habari za mvua na za mihogo, wakaaga, wakasema watarudi. Hawakurudi. Kijana aliniambia baadaye, bila kunitazama, kwamba baba yake mkubwa, yule aliyemjibu Mama, hawezi kuozesha kijana kwenye nyumba ambayo mwenyeji anaogopa kinywaji chake mwenyewe. Nilimsihi akamweleze. Akasema ameshamweleza, mzee hataki kusikia. Mwaka uliofuata alioa kwao, Ngara. Nililia mpaka nikachoka, kisha nikaingiwa na kiburi, nikasema sitaki tena mwanaume. Nikatimiza, mjinga mimi.

Lakini kilichoniuma zaidi ni Mama. "Wameona kinyaa kunywea kwangu," alisema siku ile, akaziosha bilauri zote, akazifungia. Hazikutoka tena. Wageni wa Idd walipewa soda kwenye chupa yake. Mteja wa Kasulo akiingia dukani kwetu alihudumiwa kwa uso uliokunjwa, na shikamoo yake ikaitikiwa puani. Huyo ni Mama, aliyekuwa akicheka na kila mpita njia. Kila mwaka nilijiambia nitamweleza. Ila kumweleza ingebidi pia nikiri kwamba nilijua nikakaa kimya.

Mwaka jana miguu ilimkatalia, akawa mtu wa kitandani. Asubuhi moja nilikuwa namkanda magoti, akasema, "Sijui niliwakosea nini wale wazee."

Nikamwambia yote. Akanisikiliza huku ametazama dari.

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua, Mama."

Akauondoa mguu wake mikononi mwangu.

"Miaka yote hii nimewanunia watu waliokuwa wananingoja mimi."

Nikamfunika miguu kwa shuka, na hadi tunamzika bilauri zilibaki zimefungiwa.