Kuku Wanaomsikiliza Marehemu

Saa mbili asubuhi, Mama Vifaranga anafungua banda la kituo cha utafiti, anamwaga pumba, kisha anawasha spika iliyofungwa juu ya mlango. Mwanamume anakohoa kidogo. "Hamjambo, mabibi?" Kuku wanaacha kula. Wote wanageukia mlangoni, shingo upande, wakisikiliza.

Sauti ni ya mumewe. Alifariki mwaka jana.

Utafiti wenyewe unachekesha, na mama huyu hucheka akiueleza. Wataalamu walitaka kujua kama kuku akisimuliwa hadithi hutaga zaidi. Wakamchukua mumewe, fundi baiskeli mwenye domo, mtu wa kupiga soga hata na ukuta, wakamrekodi. Majirani walimtania mpaka wakachoka. Mayai, hadi leo, ni yaleyale. Alipofariki, mjane akaomba kazi ya kuwalisha kuku.

"Mwanzoni nilikuwa nawasha nikikimbilia nje," anasema. "Sasa nisipomsikia, siku haiendi. Namkumbuka mno."

Wiki iliyopita umeme ulikatika. Alikuwa ameinama akifagia, spika kimya, mara akasikia banda zima limetulia. Kuinua macho, kuku wamegeukia mlangoni, shingo upande. Hadithi ya saa ile alikuwa ameshaikariri, akajikuta anaifuata kichwani. Ilipofika pale marehemu anapotua kungoja kicheko, kuku wakalia wote kwa pamoja, kama kawaida yao. Mlangoni hakukuwa na mtu. Ufagio ukamponyoka.

Mtafiti mkuu, kijana mpole, anasema ni mazoea tu, kuku wameshaizoea ile saa. Mama Vifaranga habishani naye. Kilichomkosesha raha ni kingine: utafiti unafungwa mwezi huu, na kuku walikuwa wapelekwe kwa mchinjaji. Akaenda ofisini kuwaombea, akilia bila kuona haya.

Juzi alijibiwa. Mtafiti alimwambia awachukue wote, tena akamwekea na rekodi mezani, akidhani amemfurahisha. Mama akazisukuma zikarudi.

"Hizo kaa nazo, mwanangu," alimwambia. "Hapo anasema ya zamani tu. Mimi nipe hawa wanaojua akija."

Uani kwake banda jipya limeshaezekwa. Fundi alitaka mlango utazame ukuta, upepo usiingie. Mama akakataa katakata, ukatazama geti.

"Siku wakigeuka wote," anasema, akijifuta pumba mikononi, "nitajua nibandike chai."