Biashara ya Pudentienne Haikukua

Kellen alitoka Bukoba kuja Kigali kuuliza watu wanaishije. Ndiyo kazi yake: zamani nani alikuwa na nini, sasa anacho nani, kwa nini wa Kiyovu wananenepa na sisi wa Kabeza tunakonda. Ilikuwa 1992, faranga imeshashushwa thamani. Jibu lilikuwa barabarani, lakini yeye aliuliza.

Kiswahili nilikiokota kwenye malori. Nikadhani tunaelewana.

Maswali yake yakafika kwa mke wangu, Pudentienne, aliyekuwa akipika ikigage, pombe yetu ya mtama, na kuiuza hapo hapo nyumbani.

"Biashara yake ilikua, mzee?"

"Ilikuwa."

"Ilikua sana?"

"Sana! Watu walijaa mpaka njiani."

Akaandika, akanisomea: biashara inakua vizuri.

"Inakua wapi? Mwenyewe nimemzika mwezi wa tatu!"

"Pole sana, mzee. Lakini umesema ilikua."

"Nimesema ilikuwa! Sasa haiko!"

Nikaanza upya. Mtama ulipopanda bei, wapishi wote walileta vibuyu vidogo. Pudentienne akakataa. "Mtu ametoka kubeba mawe, nimpe kibuyu cha mtoto?" Nikamwambia tutafilisika. "Wewe kunywa, nyamaza." Nikanywa. Tukafilisika polepole, yeye akiimba. Vitenge vyake vikachakaa, hakununua kingine. Mwanamke mbishi yule.

"Kwa hiyo biashara yako ilishuka," Kellen akasema.

"Yangu? Mimi nilikuwa mteja. Tena mbaya, silipi."

"Mwenye biashara tunamwandika mkuu wa kaya. Marehemu hatuandiki."

"Basi na mimi usiniandike."

"Mzee wangu, jamani, ndivyo tulivyoelekezwa."

"Aliyewaelekeza alikunywa hapa?"

Nikainuka kumfungulia mlango aende zake. Jua kali, na kwa jirani yangu, Nsengiyumva, mgeni alikuwa bado hajaingia kuuliza, na huyo ndiye msemaji kuliko mimi. Kellen akabaki kwenye kigoda, akashusha pumzi.

"Haya, namwandika yeye. Jina lake linaandikwaje?"

"Msomi ni wewe. Mimi nalijua kwa mdomo tu."

"Pudensiana?"

"Hapana! Pudentienne."

"Pudentieni."

"Mwisho usivute. Unamwita mtu, humfukuzi mbuzi."

Akajaribu tena. Tangu mazishi watu wakija husema "marehemu", husema "mama wa hapa". Jina hawalitaji, kana kwamba litaniua. Huyu mgeni akalikoroga, akalirudia, mpaka likatoka sawa.

"Pudentienne."

"Ndiye huyo."

Akaliandika. Swali lililofuata lilikuwa la mabati. Nikamjibu.