Picha ya Eneo Tupu

Juzi nilikuwa katika chumba cha nyaraka cha maktaba moja hapa Toronto, ambamo hata kukohoa ni utovu wa adabu. Meza ya pili, bibi mmoja wa Etobicoke, pembeni mwa jiji, alikuwa akipekua kumbukumbu za kampuni ya Kikanada iliyowahi kuchora mpango wa mji wetu wa Morogoro. Alitafuta sura ya marehemu mama yake, ambaye hakuacha picha hata moja. Ghafla akapiga kigelegele.

"Mama! Hapa hawapigi kelele!" binti yake akanong'ona.

"Niache! Bibi yako huyu!"

Nikachungulia. Mwanamke amesimama katikati ya mihogo, mikono kiunoni, anamkazia macho mpiga picha. Chini wameandika: "Eneo tupu." Nimesoma ramani tangu enzi za Mwingereza, eneo tupu lenye hasira sijawahi kuliona.

Mtunza nyaraka akaja mbio, kidole mdomoni. Alipoelezwa, akaleta fomu ya masahihisho. Bibi akataja jina la mama yake, la babu yake, na la baba wa babu yake, mpaka nafasi ikajaa.

"Na hapa alikuwa akifanya nini?"

"Andika: anakataa kuhama."

Akaandika kwa herufi kubwa, wala hakutunyamazisha tulipocheka.